Shikamoo Kaka, Nakupita

Siku Yotham alipoingia dukani kwa dada yake akiwa amevaa kaptula ya kubana na kofia ngumu ya plastiki, Lydia alikuwa na pini nne mdomoni. Alizitema kiganjani moja moja, akasema, "Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Unanionaje?"

Alimwona kama alivyomwona siku zote: mtu anayeuliza swali huku jibu analo. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na miwili, ofisa katika ofisi moja ya serikali, mwenye nyumba ya vigae upande wa Nzuguni na kitambi ambacho kwa miaka mingi kilitangulia kuingia mlangoni kabla yake. Siku hiyo kitambi kilikuwa kimepungua. Baiskeli yake nyekundu, nyembamba, yenye gia nyingi, aliiegemeza kwenye ukuta wa duka pale mtaa wa Kikuyu, na wapita njia wakawa wanageuka kuitazama.

Alikuwa ameleta kitambaa cha njano. Kikundi chao cha waendesha baiskeli cha Jumamosi kilitaka vizibao vinavyong'aa, ili magari yawaone asubuhi kabla jua halijachomoza. Lydia alichukua tepu yake, akaanza kumpima. Yotham akaanza kuhubiri.

"Lydia, baiskeli ni dawa, sikutanii. Daktari aliniambia sukari inapanda, presha inapanda. Mwaka mmoja tu wa kunyonga baiskeli, vyote vimeshuka. Nikilala, nalala kweli. Wifi yako Anitha ananiamsha kwa kunitikisa. Na raha yake! Unatoka alfajiri, upepo unakupiga usoni, kichwani hakuna ofisi wala mkuu wa ofisi. Nasikitikia jambo moja tu. Nimechelewa kuijua raha hii."

Tepu ilikuwa kifuani pake. Mkono wa Lydia ulisimama.

"Umechelewa kuijua," alirudia.

"Mno. Ningeanza ujanani ningekuwa mtu mwingine."

Lydia aliandika vipimo kwenye daftari. Kalamu ilitoboa karatasi.

Yeye baiskeli hakuchelewa kuijua. Aliijua akiwa na miaka kumi na mitano, kule kwao Mlali, mwaka ule alipofaulu kwenda kidato cha kwanza. Msichana mmoja tu alifaulu darasani mwao, na shule ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Baba yao, mzee Gerson, mtu asiyejua kusoma ila aliyejua thamani ya kusoma, aliuza ng'ombe dume wake wa kulimia, akarudi kutoka Kongwa anakokota baiskeli nyeusi yenye karia na kengele. Alisema mbele ya watu wote wa nyumba, "Hii ni ya Lydia."

Alijifunza kwa siku tatu, akachubuka magoti yote mawili. Siku ya nne aliteremka ile njia ya kwenda mtoni bila kushika breki, gauni limejaa upepo, naye akapiga kelele ambayo mama yake aliisikia kutoka jikoni akadhani kuna nyoka. Muhula mmoja alikwenda shule hivyo. Ulikuwa muhula mmoja tu.

Yotham, wakati ule kijana wa miaka ishirini na miwili asiye na kazi wala shamba lake mwenyewe, hakuweza kuvumilia kutembea kwa miguu wakati dada yake mdogo anapita juu ya magurudumu. Alianza kwa kuiazima jioni. Kisha akaanza kuiazima asubuhi. Lydia alipokataa, akamwambia baba kwamba watu wanasema; kwamba msichana anayetanua miguu juu ya baiskeli hapati mume wa maana; kwamba yeye mwenyewe kwa macho yake amemwona Lydia amesimama darajani na wavulana. Hakukuwa na wavulana. Hata daraja lenyewe halikuwapo, palikuwa na mawe ya kukanyagia. Lakini mzee Gerson alikuwa ameanza kuugua kifua, akachoka kuamua ugomvi, akasema baiskeli ikae kwanza.

Haikukaa. Yotham aliipanda kila siku. Na ili Lydia asiiguse wakati yeye amelala, alikuwa anazifungua pedali zote mbili kwa spana na kuzitia kwenye mifuko ya koti lake. Lydia alikumbuka hasa hilo: kaka yake akipita uani na koti lililoning'inia pande zote mbili, pedali zikigongana mifukoni.

Alitembea kwa miguu mihula miwili. Akachelewa, akachapwa, akachelewa tena. Mvua za Januari ziliposhuka na mto kujaa, akabaki nyumbani wiki tatu, na aliporudi jina lake lilikuwa limekatwa. Mzee Gerson alikufa miaka miwili baadaye akiamini kwamba binti yake aliacha shule kwa kupenda kwake, kwa sababu ndivyo Yotham alivyomwambia.

Na sasa mtu huyuhuyu alikuwa amesimama hapa, mikono ameinua apimwe kwapa, anasikitika kwamba amechelewa kuijua raha ya baiskeli. Alikuwa amesahau. Lydia alimchunguza usoni na kuona kwamba hajifanyi. Amesahau kabisa, kama mtu anavyosahau chakula alichokula.

"Na wanawake mnawapokea kwenye kikundi chenu?" aliuliza huku anakunja tepu.

Yotham alicheka. "Wapo wawili watatu, vijana. Wewe? Kwa umri huo na hayo magoti? Si utatuchelewesha, Lydia."

Alipoondoka, Lydia alikaa kwenye cherehani chake bila kushona. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukipunguza kile kizibao vidole viwili kila upande, ili kimkabe. Akaliacha. Hicho kingekuwa kisasi cha siku moja, naye alikuwa anadai deni la miaka thelathini. Alikishona vizuri kuliko vyote.

Jumatatu yake alikwenda kwa Ikram. Ikram alikuwa fundi baiskeli karibu na soko, mwanamke wa Kondoa mwenye mikono iliyojaa grisi hadi kwenye viwiko, aliyerithi spana na kibanda kutoka kwa baba yake.

"Nataka baiskeli ya kumshinda mtu," Lydia alisema.

Ikram alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Mume?"

"Kaka."

"Ana baiskeli gani?"

Lydia akaieleza ile nyekundu. Ikram alitikisa kichwa taratibu, akaingia ndani, akatoka na baiskeli ya mtumba ya rangi ya kijivu, isiyovutia, yenye fremu nyepesi. "Hii haina sura, lakini ina roho. Unashonea cherehani cha miguu?"

"Miaka ishirini na mitatu."

"Basi miguu unayo tayari. Tutatafuta mapafu."

Mapafu yalitafutwa alfajiri, saa kumi na moja, kwenye barabara ya Iringa kabla magari hayajawa mengi. Wiki ya kwanza alianguka mara sita. Mara moja alianguka mbele ya wanawake waliokuwa wanafagia barabara, na mmoja wao akamwuliza kwa huruma kama nyumbani kuna amani. Magoti yalimuuma, na mahali pa kukalia ndipo hasa. Kila alipotaka kurudi, alikuwa anauwaza mgongo wa Yotham mbele yake, mgongo mpana ndani ya kizibao cha njano alichokishona kwa mikono yake, na alikuwa anaukimbiza mpaka pumzi zinakata.

Hasira ni chakula, na yeye aliila kila siku kabla ya chai.

Mwezi wa tatu wa mazoezi, hata hivyo, kitu kingine kilianza kumwingilia bila hodi. Asubuhi moja ilikuwa imenyesha mvua ya kwanza, ile inayotoa harufu ya vumbi lililokunywa maji, na mawe makubwa pembezoni mwa barabara yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Alijikuta amekwenda kilomita nyingi bila kumkumbuka Yotham hata mara moja. Alikuwa anaimba. Aliponyamaza, alikasirika, kama mtu aliyekamatwa anacheka msibani.

Lakini haikuzuilika. Magoti yaliyokuwa yanavimba jioni yaliacha kuvimba. Yale maumivu ya kiuno aliyoyazoea kama mpangaji wa nyumba moja yalihama. Usiku alilala bila kugeukageuka. Alianza kuzijua njia ambazo hakuwahi kuzijua katika miaka yote ya kuishi mjini: vichochoro vya mashamba ya zabibu ambako wakulima walimsalimia kwa kilugha chao, "Mbukwenyi!" wakacheka alipowajibu akiwa ameinama juu ya usukani, njia za ng'ombe zilizokuwa laini kuliko lami, mahali ambapo upepo unageuka na kukusukuma mgongoni kama mkono wa rafiki.

"Umenenepa uso," Ikram alimwambia siku alipopeleka mnyororo ukakazwe.

"Nimepungua kilo saba."

"Mwili umepungua. Uso umenenepa. Bado unataka kumshinda?"

"Zaidi ya mwanzo," Lydia alisema, na ilikuwa kweli. Sasa alijua kwa hakika ni nini alichonyang'anywa. Zamani alidhani ni shule tu.

Alijitokeza Jumamosi moja ya Julai, saa kumi na mbili kasoro, kwenye kituo cha mafuta walikokuwa wakikutana. Walikuwa watu kumi na wanne. Kiongozi wao alikuwa Denis, mkufunzi wa chuo, mwembamba, mpole wa maneno. Safari ya siku hiyo ilikuwa ya kwenda bwawani Hombolo.

Yotham alimwona, akashusha chupa ya maji. "Wewe umefuata nini?"

"Shikamoo, Kaka. Nimefuata dawa. Si ulisema ni dawa?"

Wenzake wakacheka, na Yotham naye akalazimika kucheka. "Jamani, huyu dada yangu. Akichoka, asiwachelewesheni, mwacheni apande gari arudi."

Lydia alikaza kofia yake. Alijipanga nyuma yake. Kuanzia mjini hadi Ihumwa alibaki nyuma ya gurudumu la Yotham, akimsoma kama anavyosoma kitambaa kabla ya kukata. Aliona kwamba anabadilisha gia akiwa amechelewa. Aliona kwamba anaponyosha mgongo ni dalili ya kuchoka, na kwamba anapenda kuzungumza anapopanda mwinuko ili watu wasijue kwamba anahema. Walipoacha barabara kuu na kushika ile ya Hombolo, upepo wa kiangazi ukaanza kuwapiga ubavuni, mkavu, wenye mchanga. Yotham alinyosha mgongo mara tatu.

Kisha ukaja mwinuko mrefu. Si mkali, ila ni ule usioisha. Unadhani umefika juu, kumbe ni bega tu, na kilele kiko mbele. Lydia alisubiri mpaka katikati, pale ambapo pumzi ya kaka yake ilianza kusikika. Akashusha gia moja. Akatoka pembeni. Alipokuwa naye sambamba, bega kwa bega, aligeuza uso na kusema kwa sauti ya heshima, kubwa ya kutosha kusikiwa na waliotangulia na waliofuata:

"Shikamoo, Kaka! Nakupita!"

Shikamoo haina budi kujibiwa. Yotham alifungua mdomo aseme marahaba, ikatoka "mara" peke yake. Pumzi ikakatikia hapo.

Akaja. Lydia alijua atakuja. Mtu yule hakuwahi kuvumilia kupitwa naye. Alimsikia nyuma akikanyaga kwa hasira, gia zikilalamika. Lydia hakukimbia. Alimwacha asogee, akaongeza kidogo. Akasogea tena, akaongeza tena. Alimcheza hivyo mpaka karibu na kilele, ndipo akaondoka moja kwa moja. Alipofika juu alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akafungua chupa yake na kunywa maji polepole huku anatazama bondeni. Wenzake walipita mmoja mmoja wakimpungia. Yotham alikuwa bado chini, ameshuka kwenye ile baiskeli nyekundu, anaikokota kwa miguu, viatu vyake vinateleza kwenye kokoto.

Alimtazama mpaka alipofika. Hakuharakisha furaha ile, aliimaliza yote.

Bwawani Hombolo waliagiza perege wa kukaanga, wakakaa kwenye mabenchi. Yotham alikunywa soda mbili, rangi ikamrudia, na rangi iliporudi, ulimi nao ukarudi.

"Sasa mmeona," aliwaambia. "Hii ni damu. Huyu nimemfundisha mimi. Tulikuwa na baiskeli moja nyumbani, baba alitununulia, nikawa nashika karia kwa nyuma anajifunza. Si ndiyo, Lydia?"

Lydia aliweka samaki chini, akajifuta vidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa amepanga kurudi nyumbani na ushindi wake wa mlimani na kutosheka nao. Lakini huyu hakutosheka na baiskeli. Sasa alitaka na kumbukumbu yake pia.

"Hapana, Kaka. Si ndiyo."

Kisha akaeleza. Hakupaza sauti wala hakulia. Aliwaeleza ng'ombe dume wa baba, muhula mmoja, maneno ya uongo kuhusu wavulana, koti lenye pedali mifukoni. Alieleza mto uliojaa, na jina lililokatwa. Alipomaliza, Denis alikuwa anatazama sahani yake.

"Lydia," Yotham alisema, sauti imeshuka, "hayo ni mambo ya utoto."

"Mimi nilikuwa mtoto. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Sasa unataka nini? Nikupigie magoti hapa mbele za watu?"

"Sitaki magoti yako. Nilitaka uone inavyokuwa mtu kubaki nyuma kwa miguu wakati mwenzako anapita. Leo umeona. Na nilitaka wajue. Leo wamejua."

Yotham alisimama, akapanda baiskeli yake hadi kituo cha magari, akatafuta pikapu ya kumrudisha mjini. Baiskeli ilifungwa nyuma pamoja na magunia. Lydia alirudi kwa kunyonga, upepo umegeuka, na kila mmoja kikundini alipata sababu ya kuendesha karibu naye kidogo.

Simu zilianza Jumapili. Shangazi kutoka Mlali aliuliza ni shetani gani amemwingia hata amdhalilishe kaka mkubwa mbele ya watu baki. Lydia alimjibu kwamba shetani huyo alizaliwa ndani ya nyumba ya Gerson, na shangazi alikuwapo, aliona, alinyamaza. Shangazi akakata simu. Mchungaji alimshauri asamehe. Lydia alimwambia atalifikiria, naye alilifikiria kweli, kwenye barabara ya Iringa, kilomita kwa kilomita, na kila alipolifikiria aliona kwamba bado anapenda hasira yake, na kwamba safari hii haimuumizi yeye.

Yotham hakuonekana Jumamosi nne. Ya tano, Anitha, mkewe, alikuja dukani akiwa na kanga ya kukunjwa pindo. Ilikuwa kisingizio. "Wifi," alisema, "amekaa tu. Sukari inapanda tena. Anasema hawezi kurudi kwenye kikundi, kwa sababu wewe upo."

"Mimi sitaondoka."

"Sijakuomba uondoke. Nimekuomba ukimwona usimfukuze."

"Barabara si yangu, wifi. Mwambie tunaanza saa kumi na mbili, na anayechelewa anaachwa."

Jumamosi iliyofuata Yotham alikuja. Alisimama mbali na wenzake, kizibao kimeanza kumbana tumboni. Lydia alipompa shikamoo, aliitikia akitazama chini, kisha akasogea. "Lydia. Zile pedali... Nimekumbuka. Nisamehe."

Lydia alimtazama. Alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka thelathini, na sasa lilipofika lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, kama nguo iliyokatwa bila kupima.

"Funga kofia yako, Kaka. Tunachelewa."

Siku hiyo walishika barabara ya Morogoro, na upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unawajia usoni, wa kukatisha tamaa. Waendesha baiskeli wana namna yao ya kusaidiana upepo ukiwa hivyo: mwenye nguvu anatangulia, mchovu anajibanza nyuma yake na kupata kivuli cha mgongo. Mwenye nguvu siku hiyo alikuwa Lydia. Kabla ya kilomita ya kumi alisikia tairi likisogea nyuma yake, na akaijua ile pumzi. Alisogea kushoto, upepo ukampiga Yotham. Yotham naye akasogea kushoto. Lydia akasogea kulia.

Mara ya tatu kaka yake alielewa. Alibaki peke yake kwenye upepo, kichwa ameinamisha, anakanyaga. Lydia alimsikia kwa muda mrefu, pumzi nzito isiyokata tamaa wala kukaribia. Hakugeuka, ila hakuongeza mwendo pia.